Nyumba Iliyofagiwa Isiachwe Tupu



Katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia habari za pepo mchafu aliyefukuzwa ndani ya mtu. Pepo huyo alitangatanga jangwani, asipate pa kukaa. Basi akakumbuka nyumba yake ya zamani, akairudia, akaiona safi, imefagiwa, kila kitu mahali pake. Wala hapakuwa na mtu ndani. Akaenda kuwaita wenzake saba, wabaya kumpita yeye, wakaingia wote pamoja, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mfano huo tuliusikia mara nyingi seminarini. Baadaye, tulipopewa kazi ya ualimu, tuliwafundisha watoto katika saa ya dini. Tuliueleza vema, kwa ubao na kwa chaki. Walakini hatukujua ya kwamba nyumba inayosemwa ilikuwa yetu.

Leo tunataka kusimulia habari za nyumba hiyo. Tena tunaposema "sisi", msomaji asidhani kwamba tunamsema jirani kwa maneno ya adabu. Tunasema habari zetu wenyewe.

Jinsi tulivyoingia

Sisi tu wenyeji wa Lubumbashi, na tunakaa Katuba. Kila mtu wa mji huu anajua lutuku. Hutengenezwa kwa mahindi au kwa unga wa mihogo, pamoja na chachu. Huachwa siku kadhaa mpaka ichachuke, kisha hupikwa ndani ya pipa la chuma. Mvuke wake hupita katika bomba lililolazwa katika maji baridi, na matone yake hukingwa chini. Hakuna apimaye ukali wake. Bomba likiwa kuukuu, au likiwa limeungwa kwa risasi, sumu ya risasi yaweza kuingia katika kinywaji pamoja na pombe. Bei yake ni ndogo kuliko ya bia, na kwa sababu hiyo huwaita hasa watu wenye mfuko mwepesi. Walimu tumo.

Hatukuingia kwa kishindo. Tulianza kwa kikombe kimoja siku ya Jumamosi, pamoja na wenzetu wa kazi. Kisha Jumatano nayo ikawa Jumamosi. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, nchi inayoitwa leo Algeria, ameandika habari kama hizo juu ya mama yake, Mtakatifu Monika. Alipokuwa msichana, wazazi walimtuma kuteka divai katika pipa la nyumba. Mwanzo aliionja kwa ncha ya midomo tu, kwa utundu wa kitoto. Kila siku aliongeza kidogo, mpaka akawa anamaliza vikombe vinavyokaribia kujaa. Siku moja mjakazi aliyegombana naye alimtupia neno: akamwita mlevi. Neno hilo lilimchoma, naye akaacha tangu siku ile. Wahenga wetu walisema: bandu bandu huisha gogo. Sisi tulikuwa gogo.

Mama aliyetuuzia lutuku alikuwa mjane, na kwa faida ile aliwalipia watoto wake karo. Hatumlaumu. Alitukaribisha kwa heshima, alituita "Mwalimu", akatupa kiti kizuri. Labda hapo ndipo penye hatari: katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kutuuliza lolote.

Miaka ikapita. Deni likazaa deni. Tuliuza redio. Kisha, jioni moja, tulichukua kitenge kipya cha mama wa watoto wetu, alichopewa na dada zake siku ya arusi, naye hajakivaa bado kwa kuwa alikitunza. Tulikipeleka katika soko la mtaa wa Kenya, tukakiuza kwa bei ya kutupa. Aliporudi alifungua sanduku, akalifunga. Hakupiga kelele. Akaenda kupika bukari.

Siku ya chaki

Mwaka 2021, mwezi wa tano, asubuhi moja tulikuwa tunaandika imla ubaoni, watoto wainakili. Mkono wetu ulitetemeka, kwa maana tangu usiku hatukuwa tumekunywa kitu. Herufi zikapanda na kushuka, zisisomeke. Tukafuta, tukaandika tena. Ndipo mtoto mmoja wa kiti cha mbele, msichana mdogo, akainuka bila kuitwa, akatwaa chaki polepole katika vidole vyetu, akasema: "Mwalimu, useme tu. Mimi nitaandika."

Tukageuka kulitazama darasa, maana tulitazamia kicheko. Hawakucheka. Walikuwa wameinamia madaftari, wakingoja neno la kwanza. Tukafahamu ya kwamba jambo hilo halikuwa geni kwao. Watoto wale walikuwa wamezoea kutufichia aibu yetu, kama jamaa afichavyo kidonda cha mzee. Mtakatifu Monika aliamshwa na tusi. Sisi tuliamshwa na huruma, nayo huchoma zaidi.

Alasiri ile tulikwenda hospitali pamoja na mama wa watoto. Hapa twapenda kusema neno la faida kwa jamaa zote. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake, amejifungia chumbani, akidhani ni ushujaa. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja hutetemeka, hutoka jasho, hukosa usingizi. Kwa wengine huja degedege, na siku ya pili au ya tatu mgonjwa aweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyopo. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Waganga wa hospitali wana dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo, nao hutoa vitamini B1, ambayo walevi huipungukiwa na ambayo ukosefu wake huharibu ubongo. Kumpeleka mtu hospitali si kumdekeza. Ulevi wa namna hiyo ni ugonjwa, ingawa mlango wake wa kuingilia twaufungua kwa mikono yetu. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu vifo milioni 2.6 vilivyoletwa na pombe duniani katika mwaka 2019 peke yake.

Tulikaa siku tisa. Tukatoka dhaifu, lakini safi. Nyumba ilikuwa imefagiwa.

Saa tisa alasiri

Tulidhani ya kwamba vita imekwisha. Kumbe adui yetu hakuwa kiu tu. Kiu huja na kupita kama wimbi. Adui aliyetushangaza alikuwa saa ya mchana.

Darasa letu hutoka adhuhuri. Hapo zamani, tukiisha kula kidogo, saa tisa alasiri ilitukuta kwa mama mjane, na magharibi ilitukuta palepale. Sasa saa tisa ilifika, nasi hatukuwa na pa kwenda. Tuliketi mlangoni. Tukatazama barabara. Wenzetu walipita wakatuamkia, wakajua njia yao. Tukaingia ndani, tukatoka. Tukasali rozari kwa haraka, tukaona ya kwamba robo saa tu imepita. Miaka mingi pombe ilikuwa imetutunzia saa zile. Tulipoifukuza, iliondoka na kila kitu kilichokuwamo: kiti, maongezi, rafiki, jina la "Mwalimu". Tukabaki na chumba kitupu.

Siku ya arobaini na saba ndugu mmoja tuliyesoma naye alifariki. Tukaenda kilioni. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, na usiku wa mji wetu katika mwezi huo ni wa baridi kali, kwa kuwa Lubumbashi iko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wanaume waliketi kuizunguka mbabula. Kikombe kikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akasema kwa wema: "Mwanangu, kimoja tu, cha kuondoa baridi." Tukanywa kimoja. Asubuhi tulikutwa kando ya njia, viatu havipo.

Siku ya tatu tulikwenda kwa Padri kuungama. Tulisema kwa uchungu ya kwamba siku arobaini na saba zimepotea. Mambo ya kitubio hayasemwi, lakini baada ya kitubio Padri alitoka nasi nje, akaketi nasi chini ya mwembe, na maneno ya mwembeni twaweza kuyasimulia. Alituuliza: "Mwalimu, katika siku zile arobaini na saba, saa tisa ulikuwa unafanya nini?" Tukajibu: "Hatukunywa, Padri." Akasema: "Hilo ni jambo usilolifanya. Nimeuliza ulilolifanya." Hatukuwa na jibu.

Mfanya kazi wa Dublin

Padri yule alitupa kitabu kidogo cha maisha ya Matt Talbot. Wasomaji wengine wamesikia jina lake. Alizaliwa katika mji wa Dublin, Ireland, mwaka 1856, katika jamaa ya watoto wengi na maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 12 aliajiriwa katika nyumba ya wafanya biashara ya vileo, na huko akaanza kunywa. Kwa muda wa miaka kumi na sita mshahara wake wote ulikwisha katika vilabu. Pamoja na wenzake walimwibia fidla mpiga fidla maskini aliyetembea njiani, wakaiuza, wakainywa.

Mwaka 1884 alikaa juma zima bila kazi, hana senti. Jumamosi alisimama pembeni karibu na kilabu, akawatazamia rafiki zake aliokuwa akiwanunulia zamani. Wakapita mmoja mmoja. Hapana aliyemwalika. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake ya kwamba atakwenda kuweka ahadi ya kutokunywa. Akaenda katika seminari ya Clonliffe, akaahidi mbele ya padri: miezi mitatu tu. Ilipokwisha akaahidi tena kwa muda mwingine, na mwisho kwa maisha yake yote. Hakuonja tena kwa miaka 41, mpaka alipoanguka na kufa njiani akienda Misa, siku ya Utatu Mtakatifu, tarehe 7 Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mstahiki.

Lakini si hayo yaliyotushika. Kilichotushika ni namna alivyozitumia saa zake. Aliposhuka kazini jioni, saa ya vilabu, alitembea kwa miguu mbali navyo, akaingia kanisani, akakaa mpaka saa ile ya hatari ipite. Asubuhi na mapema, kabla ya kazi, alikwenda Misa. Aliacha kuchukua fedha mfukoni, maana alijua mkono wake. Alilipa madeni ya vilabuni moja baada ya moja. Alimtafuta yule mpiga fidla katika mji mzima, asimwone. Basi fedha ya fidla akaitoa kwa Misa za kumwombea. Naye ambaye shuleni alikaa kidogo sana, alijitaabisha kusoma vitabu vigumu, neno kwa neno. Mtu huyu hakuiacha nyumba yake tupu hata kwa saa moja. Kila chumba alikitia mpangaji.

Jinsi mazoea yanavyojengwa

Seminarini tulifundishwa kwa maneno ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino ya kwamba fadhila ni mazoea mema, nayo huzaliwa kwa kurudia tendo lile lile. Tulijibu mtihani wa somo hilo vizuri sana. Katika siku zetu wataalamu wamepima jambo lenyewe. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliandika mwaka 2010 habari za watu 96 waliochagua kila mmoja tendo dogo la kila siku: kula tunda baada ya chakula, kunywa maji, kukimbia kidogo kabla ya kula usiku. Kila tendo liliambatanishwa na wakati wake. Ilionekana ya kwamba tendo huanza kujiendesha lenyewe baada ya siku 66 kwa kadiri ya kati; lakini mwepesi alihitaji siku 18, na kwa mzito hesabu ilifika siku 254. Tena ilionekana ya kwamba mtu akikosa siku moja, kazi yake haiharibiki.

Msomaji aelewe neno hili sawasawa. Kukosa siku moja kuchimba bustani ni jambo moja. Kikombe kimoja cha lutuku kwa mtu kama sisi ni jambo lingine, maana kikombe hicho hakiji peke yake. Walakini hata aliyeanguka asiseme yote yamekwisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zile siku zetu arobaini na saba hazikupotea. Zilitufundisha mahali ambapo ukuta una tundu.

Haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya siku ile ya mwembeni. Ni madogo, na tunayataja kwa udogo wake.

Tulibadili njia. Barabara ya kutoka shuleni ilipita mbele ya nyumba ya mama mjane. Tukachagua nyingine, ndefu zaidi kwa dakika ishirini. Hatukwenda kumtukana wala kumhubiri. Tulikwenda mara moja tu, mchana, pamoja na mama wa watoto, kulipa deni letu. Alizipokea fedha, akasema: "Mwalimu, mwili wako umepona." Tukaagana kwa amani.

Tulitoa fedha mikononi mwetu. Siku ya mshahara mama wa watoto hutungojea, tunaupokea pamoja, naye ndiye atunzaye. Wanaume wengine walitucheka. Tuliwajibu ya kwamba Matt Talbot alifanya vivyo hivyo, naye hakuwa na mke wa kumsaidia.

Tuliitafutia saa tisa kazi. Bondeni, karibu na kijito, jirani mmoja alituazima kipande cha ardhi. Tulilima matuta manne ya lengalenga, mawili ya kabichi. Wakati wa kiangazi mboga hazingoji: zisipotiwa maji jioni, kesho zimelala. Huo ndio uliokuwa wema wao kwetu. Kitu chenye uhai kilitungojea saa tisa, nacho hakikukubali udhuru. Mikono iliyotetemeka ilijifunza tena kushika, kwanza ndoo, kisha chaki.

Tulibadili kinywaji. Watu husema kunywa munkoyo badala yake. Munkoyo ni kinywaji chema, uji wa mahindi unaotiwa utamu na mzizi wake. Lakini ukikaa siku mbili tatu huchachuka, ukawa na pombe. Sisi twaunywa siku ile ile ulipotengenezwa, au twakunywa chai.

Kila usiku, kabla ya kulala, tulirudia desturi ya seminari ya kupeleleza dhamiri. Tukachukua daftari la shule, tukaandika mambo matatu tu: saa tisa tulikuwa wapi, nani tulimkosea, nani tumshukuru. Mistari mitatu, si zaidi. Usiku mwingine tuliandika kwa hasira. Lakini tuliandika.

Mwisho, tulisema jambo letu mbele ya watu. Katika jumuiya ndogo ya kikristo ya mtaa wetu, siku ya zamu ya kusali nyumbani kwetu, tuliwaambia wenzetu: "Sisi ni mgonjwa wa pombe. Tukionekana kilioni usiku, mtu mmoja aketi karibu nasi." Tangu siku ile hatukuenda kilioni peke yetu. Mzee mmoja mfua vyuma, asiyejua kusoma, alijitwika kazi hiyo. Huketi upande wa kuume. Kikombe kikifika, hukipokea yeye, akakipitisha mbele yetu kwa jirani, bila kukatiza maongezi. Hayo pia ndiyo yaliyogunduliwa na Wamarekani wawili, Bill Wilson na mganga Bob Smith, katika mji wa Akron mwaka 1935, walipoanzisha chama cha Alcoholics Anonymous: mlevi aliye peke yake ameshindwa nusu, na leo moja hushindika ambapo maisha yote yatisha.

Yasiyorudi upesi

Tangu mwezi ule wa saba wa mwaka 2021 hatukuonja tena. Tunalisema kwa hofu, si kwa majivuno, kwa kuwa kesho haijafika.

Lakini tusiwadanganye wasomaji. Wako wanaodhani kwamba mlevi akiacha leo, kesho nyumba yake itaimba. Si hivyo. Binti yetu mkubwa alikuwa ameizoea desturi yake mwenyewe: akisikia hatua zetu mlangoni usiku, huficha madaftari yake chini ya godoro, kwa sababu usiku mmoja tuliyachana. Mwaka mzima baada ya kuacha, jioni moja tulichelewa katika mkutano wa wazazi. Tulipobisha hodi tulisikia godoro likiinuliwa. Tuliingia na akili zetu timamu, naye akatutazama macho, kisha mdomo, kisha mikono, kama mganga atazamavyo mgonjwa. Halafu akayatoa madaftari, akayaweka mezani. Hakusema kitu, wala sisi hatukusema. Mazoea yetu mabaya yaliwajengea wengine mazoea ya kujikinga. Nayo pia yahitaji siku zake 66, au 254, au zaidi. Hatuna haki ya kuwaharakisha.

Kwa fedha ya mboga tulinunua kitenge. Hatukupata kile cha zamani. Matt Talbot hakumpata mpiga fidla. Tulichagua kinachofanana, chenye rangi ya udongo na majani ya kijani. Mama wa watoto alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakikunja, akakitia sandukuni. Mpaka leo hajakivaa. Hatumwulizi. Twanyunyizia mboga.

Neno kwa jamaa

Serikali mbalimbali zimejaribu kuziba njia ya pombe kali. Mwaka 1919 mataifa kadhaa, katika mapatano ya Saint-Germain, yalikataza biashara yake katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 2012 jirani zetu wa Zambia walipiga marufuku vile vifuko vidogo vya pombe viitwavyo tujilijili. Mwaka 2017 Tanzania ilifanya vivyo hivyo kwa viroba. Hayo ni mema. Walakini sheria hufagia barabara tu; haijazi nyumba. Kuijaza ni kazi yetu.

Basi, mama mwenye mume aliyeacha pombe, usimwambie kila siku "usinywe". Mwulize: "Baba, alasiri twafanya nini?" Umtafutie kazi inayomngojea kwa saa yake. Baba uliyeacha, usidai sifa wala imani kama deni. Panda, nawe ungoje. Ninyi rafiki, kumpa kikombe mtu aliyeapa si ukarimu. Mwalikeni kwa chai, maana yule aliyeachwa na vilabu asipokaribishwa mahali pengine, atarudi palipo na kiti. Nanyi wa jumuiya, chagueni mmoja wa kuketi upande wa kuume.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuru lake. Kwa miaka mingi takataka za tanuru zilitupwa mahali pamoja, mpaka zikawa kile kilima cheusi kinachoonekana karibu na bomba refu la moshi. Babu zetu walikiona kuwa ni uchafu tu. Kumbe ndani yake ilibaki kobalti pamoja na shaba, na tangu mwanzo wa karne hii watu wamekichimba na kukiyeyusha upya. Miaka yetu ya lutuku nayo ni kilima cheusi, na hatuwezi kukiondoa. Lakini tunaposimama sasa mbele ya kijana anayetetemeka, tukamwambia "twende pamoja hospitali", tunachimba humo.

Saa tisa inakaribia tunapoandika mstari huu. Ndoo iko mlangoni. Binti yetu ameshika ya pili. Siku hizi huja nasi bondeni, akipenda. Mungu awabariki ninyi nyote, na azijaze nyumba zenu.